Kati ya Twiga na Reli: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Somo la Historia

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mtaala, vitabu vya kiada na mitihani ya somo la Historia,

YAH: KUFUNDISHWA KWA HISTORIA YA CHINA KAMA SEHEMU YA HISTORIA YA DUNIA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Kilwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Si mtu wa kuandika hadharani. Barua ya kwanza juu ya jambo hili niliipitisha kwa mkuu wa shule kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliituma kwa rejista. Ya tatu niliipeleka mwenyewe, nikaikabidhi mkono kwa mkono na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu limekuwa lilelile mara zote: suala langu linafanyiwa kazi. Mwaka wa nne unakatika, chapa mpya ya kitabu imetoka, na kurasa ninazozilalamikia zimo vilevile. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Kilichonisukuma ni swali la mtoto. Kila mwaka huwavusha wanafunzi wa Kidato cha Pili kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Mwaka jana, karibu na Husuni Kubwa, magofu ya kasri la masultani wa Kilwa, binti mmoja aliinama akaona kigae cha kijani kinang'aa kama kimeoshwa asubuhi ile. Nikamweleza kwamba ni kipande cha chombo cha China, na kwamba vitu kama hivyo haviokotwi, vinaachwa mahali pake. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, Wachina walileta vyombo, wakapelekewa twiga, halafu wakaja kujenga reli. Hapo katikati walikuwa wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu binti yule alikuwa amekielewa kitabu chetu barabara. Kitabu kinamwonyesha twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa Mfalme Yongle mwaka 1415. Ukurasa unaofuata kinamwonyesha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyoanza kujengwa mwaka 1970. Miaka 555 imemezwa na ukurasa mmoja. Taifa lenye watu wengi kuliko karibu taifa lolote duniani linatokea kwetu kama mgeni wa harusi: limeleta zawadi, limeondoka, limerudi na zawadi nyingine.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Twiga anafundishwa kama kioja. Mtoto anaambiwa kwamba jemadari Zheng He alikuja na merikebu kubwa na kwamba Wachina walistaajabu kumwona twiga. Haambiwi kwa nini walistaajabu. Yongle alikuwa amemnyang'anya mpwa wake kiti cha enzi mwaka 1402, na alihitaji dalili za mbinguni za kuhalalisha utawala wake. Twiga akafananishwa na qilin, mnyama wa baraka katika masimulizi yao, anayejitokeza zama za mtawala mwema. Mnyama wetu aliingizwa katika siasa za kasri la watu. Hilo mtoto wa Kidato cha Pili analielewa mara moja, ukimpa nafasi.

Wala haambiwi kwamba misafara saba ya Zheng He, kati ya 1405 na 1433, haikuwa ya zawadi tupu. Mwaka 1411 majeshi ya Zheng He yalipigana Ceylon, Sri Lanka ya leo, yakamkamata mtawala wa huko na kumpeleka China. Huko huko Ceylon, Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, aliacha jiwe lililochongwa mwaka 1409 kwa lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Jiwe hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya Colombo. Mimi ningelipa kipindi kizima. Mfalme wa China anaandika kwa Kiajemi na Kitamil kwa sababu anajua bahari hii ina wenyewe wengi.

Kubwa zaidi, biashara ilitangulia merikebu zake kwa karne nyingi, na wala haikuletwa na Wachina. Mwaka 1998 wapiga mbizi walikuta jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Lilikuwa limebeba vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000, na bakuli moja lina tarehe ya mwaka 826. Jahazi lenyewe si la Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa, na baadhi ya mbao hizo zilitambuliwa kuwa za mti wa Afrika. Vigae vya enzi hiyo hiyo, ya ukoo wa kifalme wa Tang, vimefukuliwa Manda na Unguja Ukuu. Mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za Kichina Kajengwa, karibu na Makunduchi, nyingi zikiwa za enzi ya Song, ukoo uliotawala China baada ya Tang. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa forodha katika bandari ya Quanzhou, China, aliandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wanahistoria wengi wanaiona kuwa ni pwani yetu ya Zanji. Aliyajua hayo kwa kuwauliza mabaharia waliotia nanga bandarini kwake. Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waswahili ndio waliokuwa wakivipokezana vyombo hivyo, bandari kwa bandari.

Na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, je? Kitabu chetu kinamtaja kwamba alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Basi. Hakimfuatilii hadi Quanzhou, bandari ambayo yeye aliiita Zaitun, alikofika miaka kama kumi na mitano baadaye na kukuta Waislamu wana mtaa wao, kadhi wao na misikiti yao. Mtu mmoja, miguu ileile, aliyekanyaga mchanga wa kwetu na wa kwao. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani hii, akasema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa vyombo vya China. Wanafunzi wangu wanavikanyaga vyombo hivyo wakienda kuogelea.

2. China inafundishwa kama nchi iliyojifungia nyuma ya ukuta. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ukuta wenyewe unashuhudia kinyume chake. Sehemu kubwa ya ukuta unaoonekana kwenye picha ni kazi ya enzi ya Ming, ukoo wa Yongle, hasa karne ya 15 na 16. Askari wa mpaka ule wa kaskazini walilipwa kwa fedha, na hapa nasema fedha kwa maana ya yale madini. Fedha hiyo ilitoka wapi? China yenyewe ilikuwa na kidogo. Nyingi ilitoka migodi ya Japani, na nyingine ilitoka Potosí, mlima wa Bolivia ya leo ambao Wahispania walianza kuuchimba mwaka 1545 kwa jasho na roho za Wahindi Wekundu walioshurutishwa kuingia mashimoni. Tangu Wahispania walipoweka makao Manila mwaka 1571, merikebu zao zilivuka Pasifiki kutoka Acapulco zikiwa na fedha, zikarudi na hariri na kauri. Mkulima wa Fujian, jimbo la pwani ya China, akalipa kodi kwa fedha iliyochimbwa Amerika, na kodi hiyo ikamlisha askari wa ukutani. Kiswahili chetu kinaita madini na pesa kwa jina moja, fedha. Wachina nao benki wanaiita yinhang, na yin ni fedha hiyo hiyo. Somo hilo limekaa mdomoni mwetu na hatulifundishi.

Ni kweli watawala wa Ming walipiga marufuku biashara binafsi ya baharini mwaka 1371. Lakini magendo hayakukoma, na mwaka 1567 marufuku yale yakalegezwa. Mtoto anayeambiwa "China ilijifunga" anaambiwa sheria, haambiwi maisha.

Halafu kuna chakula. Mwaka 1593, inasimuliwa, mfanyabiashara Chen Zhenlong aliingiza Fujian mbegu ya viazi vitamu kutoka Luzon, Ufilipino, akizificha zile shina zisionekane na Wahispania. Mwaka huo huo Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa. Viazi, mahindi na karanga vilivyotoka Amerika viliingia kwenye vilima vya China ambako mpunga haukubali, na viliingia kwetu pia. Watu wa China walikuwa wapatao milioni 150 kuelekea mwaka 1700. Kufikia 1850 walikuwa wamepita milioni 400. Mahindi hayakuwa sababu pekee, lakini yamo. Hakuna mtoto katika darasa langu ambaye hajala ugali juzi. Nikimwambia kwamba mahindi yale yalimfikia yeye na mkulima wa Sichuan kwa msukosuko mmoja wa dunia, hunisikiliza. Kitabu hakinisaidii kumwambia.

3. Uvamizi wa karne ya 19 haumo, na haumo mahali ambapo ungetufaa sisi hasa. Wanafunzi wangu wanalijua neno kasumba kwa maana moja tu, ile ya "kasumba ya kikoloni". Hawajui kwamba kasumba ni afyuni, dawa ya kulevya iliyolimwa Bengal chini ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki na kuuzwa China kwa magendo, mpaka fedha iliyokuwa ikiingia kwa miaka mingi ikaanza kutoka. Mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa wa mfalme wa China, aliharibu makasha ya afyuni zaidi ya 20,000 huko Humen. Uingereza ikaleta manowari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulichukua Hong Kong, ukafungua bandari tano na kudai fidia ya dola za fedha milioni 21. Kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero na karatasi ya Carl Peters ya mwaka 1884. Kwa nini asiiweke karatasi ile karibu na ya Nanjing, aone namna mikataba ilivyokuwa silaha, na tofauti iliyopo kati ya dola iliyobanwa na bunduki na chifu aliyelaghaiwa na mkalimani?

Na Wajerumani hao hao. Mwezi Novemba 1897 walitwaa ghuba ya Jiaozhou, jimbo la Shandong, China, kwa kisingizio cha kuuawa wamisionari wao wawili, na mwaka uliofuata wakaifanya ya kukodi kwa miaka 99. Katika jimbo hilo hilo likainuka kundi la Yihetuan, ambalo Wazungu waliliita Mabondia, vijana walioamini kwamba kwa ibada zao risasi haitawaingia. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing. Miaka mitano baadaye, hapa wilayani kwetu, Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba, wakiwa wamepewa maji ya Kinjekitile ili risasi ziwe maji. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine, hawakujuana. Nasema kwamba mtoto wa Kimatumbi akisoma habari za kijana wa Shandong hataona tena kwamba babu zake walikuwa wajinga peke yao duniani. Hivyo ndivyo wengine wanavyoona sasa, na wananiambia.

Lipo jina moja linalounganisha yote. Lothar von Trotha aliongoza jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki tangu 1894. Mwaka 1900 alipelekwa China na kikosi cha kuwazima Mabondia. Mwaka 1904 alikuwa Namibia ya leo, akatoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Mtu mmoja, nchi tatu, miaka kumi. Vitabu vyetu vinavitenga vipande vyake hivyo katika sura tatu zisizojuana, na China haina hata sura.

Mkataba wa Versailles wa 1919 nao tunaufundisha kwa sababu moja tu: uliinyang'anya Ujerumani makoloni, Tanganyika ikaangukia kwa Waingereza. Mkataba huo huo uliwapa Wajapani haki za Ujerumani katika Shandong badala ya kuirudishia China. Wanafunzi wa Beijing waliandamana tarehe 4 Mei 1919, wajumbe wa China wakakataa kutia saini, na kutoka katika hasira ile zilianza harakati zilizozaa China ya leo. Meza moja, karatasi moja, hatima mbili, na moja ni yetu.

4. Watu wa kawaida hawaonekani. Kariakoo inatokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita hiyo hiyo Waingereza na Wafaransa walichukua Wachina wapatao 140,000 kwenda Ufaransa kuchimba mahandaki, kupakua meli na, baada ya vita, kuzika maiti. Kabla ya hapo, kati ya 1904 na 1910, zaidi ya Wachina 60,000 walipelekwa kwa mikataba kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini. Na wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliokwenda Burma mwaka 1944 walipigana na jeshi la Japani lililokuwa likiiunguza China tangu 1937. Wengi wao walikufa bila kuulizwa na mtu yeyote vita ile ilikuwa ya nani.

5. Reli inafundishwa bila nchi iliyoijenga. Tunataja kilomita 1,860, mkopo usio na riba, urafiki wa Mwalimu Nyerere na Mwenyekiti Mao. Ni kweli yote, na nayaheshimu. Wako Wachina waliozikwa katika ardhi yetu kwa kazi ile. Lakini makubaliano yale ya 1967 yalitiwa saini China ikiwa ndani ya Mapinduzi ya Utamaduni, ile misukosuko ya kisiasa aliyoianzisha Mao, na miaka michache tu baada ya njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua makumi ya mamilioni ya watu kwa sera za serikali yao wenyewe. Mwanafunzi hawezi kupima uzito wa mkopo ule asipojua ulitoka katika nyumba ya namna gani.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye korido.

Mtasema vipindi havitoshi. Siombi kipindi cha ziada. Wareno wamo, Wajerumani wamo, Vita Kuu zimo. Naomba aya moja mahali pa aya moja, ili sura zilizopo zizungumze na dunia.

Mtasema historia yetu kwanza. Nakubali, na ndiyo hoja yangu. Kigae cha kijani cha Kisiwani ni historia yetu. Mtu asiyejua kilikotoka hajui kwa nini Kilwa ilikuwa tajiri wala kwa nini ilianguka.

Mtasema kutaja njaa, au vita ya Ceylon, kutawaudhi marafiki. Waheshimiwa, tunafundisha biashara ya utumwa ya Zanzibar na bado tuna udugu na Oman. Sioni kwa nini China ihitaji ulinzi ambao hatukuwapa ndugu zetu wa damu.

Na mtasema walimu hawana ujuzi huo. Hili ni kweli, na linanihusu hata mimi. Niliyoyaandika hapa nimeyatafuta kwa miaka, kwa fedha yangu, kitabu hiki nikiazima, kile nikinakili kwa kalamu. Mwalimu mwenye madarasa matano na familia hawezi kudaiwa hivyo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo:

(a) Sura inayohusu China iandikwe upya, na miaka kati ya 1415 na 1970 irudishwe.

(b) Mada za Wareno, ukoloni wa Kijerumani na Vita Kuu ya Kwanza ziongezewe uhusiano wake na Asia, kama nilivyoonyesha katika hoja ya pili, ya tatu na ya nne.

(c) Swali la mtihani la "taja vitu vinne vilivyogunduliwa na Wachina" liondolewe. Mtahiniwa apewe ushahidi, uwe picha ya kigae au kifungu cha mkataba, aulizwe unaonyesha nini.

(d) Uandaliwe mwongozo wa mwalimu kwa Kiswahili fasaha, wenye ramani ya Bahari ya Hindi kutoka Kilwa hadi Quanzhou, na usambazwe bure.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, jibu liwe ndiyo au hapana, pamoja na sababu.

Nakala za barua zangu tatu ninazo, na moja ina muhuri wenu. Nikiitwa kikaoni nitakuja kwa nauli yangu. Mwezi Septemba nitavuka tena kwenda Kisiwani na darasa jipya, kitabu kikiwa kilekile mkononi. Binti aliyeniuliza sasa yuko Kidato cha Tatu, na majuzi alinikumbusha kwamba bado sijamjibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Kilwa